Ile Video Yangu ya Imran Khan Ilikuwa Nusu Stori

Leo hakuna video. Leo ni kusoma, na najua wengine mtaruka, lakini wale watabaki nipeni dakika kumi.

Kama uko hapa kitambo unakumbuka Februari 2024 niliposti video ya Imran Khan, yule mwanasiasa wa Pakistan. Dakika moja na nusu, mdundo mzito, anainua Kombe la Dunia la kriketi, halafu giza, halafu lango la jela. Mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: WALIMFUNGA, WATU WAKAMPIGIA KURA. Hakuna kitu nimewahi kutengeneza imetazamwa kama hiyo. Ndiyo ilifanya mamangu akubali, mara ya kwanza, kwamba labda kuacha chuo mwaka wa pili hakukuwa mwisho wa maisha.

Sasa kule kwa komenti, katikati ya makofi na mioto, kuna mtu aliandika ati yeye ni Mpakistani. "Video nzuri. Lakini ulikuwa wapi 2020?" Sikuelewa. Nikamwekea kopa, nikaendelea na maisha.

Juzi mdogo wangu, huyu wa kupiga kura mara ya kwanza 2027, alinionyesha video hiyo hiyo imerudi tena kwa simu yake. Akaniambia, "Brathe, sisi hapa tunahitaji tu mmoja kama huyu. Mmoja tu." Manze, hapo nilinyamaza. Kwa sababu kufikia hiyo siku nilikuwa nishajua 2020 kulikuwa na nini, na sikuwa nimeambia mtu.

Basi wacha nimalize stori.

Nianze na ile nusu mnaijua, maana ni ya kweli. Imran Khan ndiye kapteni aliyeongoza Pakistan kushinda Kombe la Dunia la kriketi 1992, kule Melbourne, fainali dhidi ya Uingereza. Mamake alikuwa amefariki kwa saratani, na yeye akazunguka akichangisha pesa hadi akajenga hospitali ya saratani Lahore, ikafunguliwa 1994. Huyo angestaafu na heshima zake, anywe chai, aitwe kwa televisheni kuchambua mechi. Lakini 1996 akaanzisha chama, Pakistan Tehreek-e-Insaf, yaani harakati za haki. Watu hukiita PTI.

Uchaguzi wa kwanza, 1997: viti sifuri. Yeye mwenyewe alianguka kila mahali aliposimama. 2002 chama kikapata kiti kimoja, chake, cha Mianwali. 2008 wakasusia. Fikiria miaka 15 watu wanakucheka. Ukiwa staa wa nchi nzima, unaweza jaza uwanja, lakini huwezi jaza sanduku la kura.

Halafu Oktoba 2011 akaita mkutano Lahore, umati ukaja ambao hakuna mtu alitarajia, na wengi walikuwa vijana. Kuanzia hapo hakuwa tena mzaha. 2013, siku nne kabla ya kura, alikuwa anainuliwa na foklifti apande jukwaani, akaanguka, akaumia mgongo. Alimaliza kampeni akiwa kitandani hospitalini. Chama chake kikawa cha pili kwa wingi wa kura na kikachukua serikali ya mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa. Akasema ameibiwa. 2014 akapiga kambi na wafuasi wake Islamabad siku 126, wakaondoka tu baada ya magaidi kuua watoto wengi shuleni Peshawar mwezi wa Desemba. Tume ya majaji ilipochunguza, 2015 ikasema kwa jumla ule uchaguzi ulikuwa sawa.

2018 sasa. Pakistan sheria inakuruhusu kugombea viti kadhaa kwa wakati mmoja, ukishinda unabaki na kimoja. Imran aligombea vitano akashinda vyote vitano. Agosti hiyo akaapishwa kuwa Waziri Mkuu. Kutoka sifuri hadi ikulu, miaka 22. Hapo ndipo video yangu ilikuwa inapandisha muziki.

Sasa ile nusu niliiacha.

Mshindani wake mkubwa alikuwa Nawaz Sharif, aliyekuwa Waziri Mkuu mara tatu. Julai 2017 Mahakama ya Juu ikamwondoa ofisini kwa kesi iliyotokana na zile Karatasi za Panama. 2018 ikamfungia nje ya siasa maisha yake yote. Tarehe 13 Julai 2018, siku 12 kabla ya kura, alirudi kutoka London akapelekwa jela moja kwa moja. Usiku wa kuhesabu, mfumo wa kutuma matokeo ukazima. (Nyinyi mnaelewa hiyo kitu bila mimi kueleza.) Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliandika kwamba vyama havikupata nafasi sawa. Wapinzani walisema wazi kwamba jeshi ndilo limembeba Imran. Jeshi likakana. Bilawal Bhutto Zardari, mtoto wa Benazir, akasimama bungeni akamwita Waziri Mkuu wa kuteuliwa, na jina likamganda.

Imran alifanya nini? Alichukua. Hakuuliza kwa nini mpinzani wake yuko ndani wiki ya uchaguzi. Wafuasi wake walikuwa wamesherehekea Nawaz alipoondolewa. Na kwa miaka mitatu serikali yake ilijisifu kwamba wao na jeshi wanasoma ukurasa mmoja. 2019 yeye mwenyewe ndiye alimwongezea mkuu wa jeshi, Jenerali Bajwa, miaka mitatu kazini. Huyo huyo Bajwa ambaye baadaye Imran atamlaumu kwa kumwangusha.

Sasa hiyo 2020. Tarehe 21 Julai, mchana kweupe, mwanahabari anaitwa Matiullah Jan alinyakuliwa Islamabad nje ya shule ambapo mkewe alikuwa anafundisha. Kamera za shule zilinasa kila kitu. Alikuwa anajulikana kwa kukosoa jeshi. Aliachiliwa baada ya saa kama 12, baada ya nchi kupiga kelele. Waziri Mkuu alikuwa nani? Imran Khan.

Mwingine ni Idris Khattak, mtetezi wa haki za binadamu, aliyekuwa akifuatilia kesi za watu waliopotezwa. Novemba 2019 naye akapotezwa. Desemba 2021 mahakama ya kijeshi, kwa siri, ikampa miaka 14. Waziri Mkuu alikuwa nani? Imran Khan.

Na hii ilinigusa mimi binafsi kwa sababu ya kazi yangu. Pakistan kuna sheria ya makosa ya mtandaoni, inaitwa PECA, ilipitishwa 2016 na serikali ya Nawaz. Imran alipoingia hakuifuta. Februari 2022 serikali yake ikaiongezea makali kupitia amri ya rais: ukichafulia mtu jina mtandaoni, hata kama huyo mtu ni taasisi ya serikali, unaweza kufungwa hadi miaka mitano. Yaani mimi na hii simu yangu. Mahakama Kuu ya Islamabad iliitupa hiyo amri tarehe 8 Aprili 2022.

Angalia hiyo tarehe vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili, bunge likampigia Imran kura ya kutokuwa na imani. Kura 174 kati ya viti 342. Waziri Mkuu wa kwanza Pakistan kuondolewa kwa njia hiyo. Kama mahakama ingechelewa siku mbili tu, angeacha ofisini lile panga alilonoa, na wa kwanza kukatwa wangekuwa watu wake.

Kuanguka kwake unakujua. Alisema Marekani ndiyo imepanga, akapunga barua mbele ya umati, Marekani ikakana. Akaanza kuzunguka nchi, na umati ulikuwa mkubwa kuliko wakati alikuwa madarakani. Oktoba 2022 akagombea viti saba katika chaguzi ndogo za siku moja, akashinda sita. Siku tano baadaye Tume ya Uchaguzi ikamwondolea sifa kwa ile kesi ya zawadi. Novemba akapigwa risasi mguuni akiwa kwa msafara Wazirabad. Mei 2023 akakamatwa ndani ya majengo ya mahakama, wafuasi wake wakavamia hadi nyumba ya kamanda wa jeshi Lahore, na baada ya hapo rungu likashuka: maelfu wakakamatwa, raia wakapelekwa mahakama za kijeshi, viongozi wa chama wakawa wanaitisha waandishi wa habari, mmoja baada ya mwingine, kutangaza wamehama.

Kuhusu zile zawadi, wacha niwe mkweli pia, maana kwa video nilisema "kesi za uongo" nikapita. Pakistan zawadi anazopewa kiongozi na nchi za nje huenda kwa ghala la serikali linaloitwa Toshakhana. Sheria wakati huo ilimruhusu kuzinunua kwa sehemu ya bei. Imran alinunua, ikiwemo saa ya kifahari aliyopewa na Saudia, halafu akauza. Mahakama ilisema hakutangaza mali ilivyotakiwa. Yeye anasema alifuata sheria. Sawa. Lakini hata ukimwamini neno kwa neno, huyu ni msee aliyeomba kura miaka yote akisema viongozi wamegeuza nchi duka lao. Unauza aje saa ya zawadi ya taifa?

Halafu ikaja wiki ile ya Januari 2024. Uchaguzi ni tarehe 8 Februari. Januari 30: miaka 10, kesi ya siri za serikali. Januari 31: miaka 14, kesi ya zawadi. Februari 3: miaka saba, yeye na mkewe, ati walioana kabla eda haijaisha. Mahakama ya nchi ikakaa chini kuhesabu siku za hedhi za mwanamke ili mwanamume asigombee. Hiyo ni aibu na nitaiita aibu kila siku. Kesi ya siri na ya ndoa zote zilitupwa mwaka huo huo kwenye rufaa, lakini kura ilikuwa imeshapita. Januari 2025 akapewa miaka 14 mingine kwa kesi nyingine.

Walikuwa wameshamnyima hata alama. Pakistan watu wengi hawasomi, kwa hivyo kila chama kina picha yake kwa karatasi ya kura. PTI ilikuwa na gongo la kriketi. Januari 2024 Mahakama ya Juu ikakubali wanyang'anywe. Wagombea wao wakaenda kama huru, kila mmoja na alama yake. Kuna mmoja alipewa biringanya. Siku ya kura mtandao wa simu ukazimwa. Na bado watu walijua biringanya ni ya nani. Wagombea huru waliochukua viti walikuwa wengi kuliko chama chochote: zaidi ya 90, wengi sana wao wa PTI, mbele ya chama cha Nawaz kilichopata 75. PTI wakasema fomu za vituoni hazilingani na fomu za majumuisho, yaani kwa lugha yetu 34A hailingani na 34B. Mwishowe vyama vingine vikaungana, ndugu ya Nawaz, Shehbaz, akawa Waziri Mkuu.

Sasa weka 2018 na 2024 kando kwa kando. Mpinzani mkuu yuko jela. Hukumu inatoka muda mfupi kabla ya kura. Wagombea wake wanasukumwa wahame. Matokeo usiku yana shida. Majina tu ndiyo yamebadilishana. Nawaz, aliyefungiwa maisha, alirudi Oktoba 2023 na kesi zake zikayeyuka ndani ya miezi miwili. Na Nawaz naye usimwonee huruma sana, kwa sababu alianza siasa akilelewa na utawala wa Jenerali Zia miaka ya 80. Hakuna Waziri Mkuu hata mmoja wa Pakistan amewahi kumaliza miaka mitano. Kila mmoja alidhani yeye ndiye atakuwa tofauti. Waliompandisha ndio walimshusha, kwa mashine ile ile.

Na kama unataka ushahidi kwamba ni mashine na si mtu, rudi kwa Matiullah Jan. Novemba 2024 alikuwa anafuatilia habari za wafuasi wa Imran waliouawa kwa maandamano Islamabad. Akakamatwa, akawekewa kesi ya dawa za kulevya. Mwanahabari yule yule. 2020 alinyakuliwa chini ya Imran, 2024 anakamatwa kwa kutafuta ukweli kuhusu watu wa Imran. Yeye hakubadilika. Ndiyo maana namheshimu kuliko staa wangu wa video.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika komenti: "Kwani umelipwa? Unatetea waliomfunga?" Tulia. Kumfunga vile ilikuwa makosa. Kumnyima alama ilikuwa makosa. Kura za 2024 zilipaswa kuheshimiwa. Sirudishi hata neno moja la video. Nasema tu kwamba hiyo hasira yote nilikuwa nayo 2024, yeye alipaswa kuwa nayo 2018, na hakuwa nayo kwa sababu wakati huo kiboko kilikuwa kwa mgongo wa mwingine.

Na kuna swali gumu zaidi, ambalo rafiki yangu aliniuliza: "Sasa angefanya nini? Pakistan bila jeshi huingii." Nimelifikiria sana. Labda ni kweli. 2024 watu walipiga kura bila kubebwa na yeyote, na bado hawakupata serikali. Lakini angalia walichopata 2018 kwa njia ya mkato: serikali isiyokuwa na nguvu ya kumlinda Matiullah, isiyothubutu kumuuliza jenerali alipo Idris Khattak, na iliyoanguka siku wenye lifti waliposhuka. Kama bei ya kuingia ni kunyamaza, basi umeingia kufanya nini?

Mnaweza kusema hayo ni ya Pakistan, mbali. Mimi naishi Rongai. Barabara ya Magadi ndiyo yetu, ndiyo tunapigania matatu kila asubuhi. Tarehe 23 Oktoba 2022, usiku, mbele huko upande wa Magadi, polisi wetu walimpiga risasi mwanahabari wa Pakistan anaitwa Arshad Sharif. Alikuwa mtangazaji mkubwa kwao. Baada ya Imran kuangushwa, Arshad alikosoa jeshi, akafunguliwa kesi za uchochezi, akakimbia nchi, akaishia kwetu. Polisi walisema walidhani gari ni lile lililoibwa Pangani. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema kuuawa kwake kulivunja katiba na sheria, ikaamuru familia ilipwe shilingi milioni 10.

Usiku huo nilikuwa nyumbani naedit video ya densi. Habari ilipotoka asubuhi niliiona, nikasema pole, nikapandisha video yangu. Sikuunganisha kitu. Mtu amekimbia bara zima kwa sababu ya kusema, risasi ikamkuta kwa barabara yangu, na mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye mimi natengeneza video ya Pakistan bila kumtaja hata kwa sekunde moja. Kwa sababu hakuwa na kombe la kuinua.

Kwa hivyo mdogo wangu, hili ndilo jibu lako. "Mmoja tu" ndiyo shida yenyewe. Pakistan ilipata mmoja, staa, jasiri, mwenye hospitali na umati, na alipopewa kiti akakuta kinamtosha hivyo hivyo kilivyo. 2027 utaona wengi watakuja na muziki mzito chini. Usiniulize nani anaongea vizuri. Uliza nani anamlipia hiyo helikopta na atataka nini siku ya kudai. Na uliza alisema nini siku mtu asiyempenda alipotekwa. Hiyo ya pili haidanganyi. Kama alinyamaza, au alicheka, tayari unajua atafanya nini na wewe ukimkosoa.

Ile video siifuti. Nimeweka linki ya hii posti juu yake, na nimebadilisha maandishi ya mwisho. Yule Mpakistani pia nimemjibu juzi. Nilimwambia 2020 nilikuwa fomu tatu, na sikuwa namjua Matiullah Jan, lakini 2024 nilikuwa na simu na bando na sikutafuta. Bado hajajibu.

Twende kwa komenti. Nitukaneni kwa adabu.